Yungiyungi, Lotasi na Maji ya Kilakala

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mnaokalia madawati tuliyoyaacha,

Kila jarida letu linapotoka, historia inayoandikwa humu huwa ni historia ya watu: wakuu wa shule waliopita, timu zilizotwaa vikombe, mabweni na vituko vyake. Ni historia njema, nami huisoma hadi ukurasa wa mwisho. Safari hii naomba nafasi niandike historia ya mmea wa majini. Nina sababu mbili. Kwanza, mmea huo umezungukwa na mkanganyiko wa majina ambao hata sisi tuliosoma tunauendeleza. Pili, kila nilipozifuata habari zake nilijikuta nimerudishwa kwenye jambo ambalo kwetu sisi wa Morogoro si la mapambo hata kidogo, nalo ni maji yanayoshuka kutoka Milima ya Uluguru.

Mimi si mtaalamu wa mimea. Nilisoma historia chuo kikuu, na tangu nihitimu nimekuwa mtumishi wa serikali, kazi ambayo imenizungusha mikoa kadhaa kabla ya kunirudisha nyumbani. Nyumbani kwetu ni Kilakala, chini ya mlima, na hapo kwa miaka kadhaa nimetunza mayungiyungi na lotasi katika mabeseni. Nitakayoyaeleza basi ni yale yaliyoandikwa na wataalamu, pamoja na yale niliyoyaona mwenyewe uani.

MIMEA MIWILI ISIYO NDUGU

Yungiyungi na lotasi huchanganywa duniani kote, na si ajabu, maana yote mawili huota topeni na kutoa maua makubwa juu ya maji. Lakini mtu akitazama jani tu, shauri limekwisha. Jani la yungiyungi lina ufa unaotoka ukingoni hadi kwenye kikonyo, nalo hulala juu ya maji kama sahani iliyokatwa kipande. Jani la lotasi halina ufa. Ni duara kamili, kikonyo kimeshika katikati kama mpini wa mwavuli, na likishakomaa huinuka juu ya maji hata kufikia kifua cha mtu. Tone la mvua likianguka juu yake halilowanishi. Hujiviringisha kama shanga na kudondoka, likiondoka na vumbi lote. Wanasayansi wa Ujerumani walieleza jambo hilo kwa kina mwaka 1997: jani lina vinundu vidogo mno vilivyofunikwa nta, kiasi kwamba maji hayapati pa kushika.

Matunda nayo ni mbalimbali. Ua la yungiyungi likishamaliza siku zake, kikonyo hulivuta chini ya maji, na tunda likaivia huko gizani. Tunda la lotasi hubaki juu, limesimama, lina matundu kama kichwa cha bomba la bafuni, na kila tundu lina mbegu moja ngumu.

Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea majina ya kitaalamu, aliiweka yote katika kundi moja mwaka 1753. Miaka 10 baadaye, mwaka 1763, Mfaransa Adanson aliitenga lotasi na kuipa kundi lake, Nelumbo. Hata hivyo wataalamu waliendelea kuamini kwamba mimea hii ni jamaa wa karibu, mpaka miaka ya 1990 uchunguzi wa chembe za urithi ulipoonyesha kwamba sivyo kabisa. Jamaa wa lotasi aliye karibu nasi ni ule mgrevilea tunaoupanda mipakani mwa mashamba na kando ya migomba ya kahawa! Aliyetembea Uluguru amepita chini ya mamia ya jamaa za lotasi bila kujua.

Mkanganyiko huu ni wa kale. Yale yanayoitwa maua ya lotasi katika mahekalu ya Misri, yaliyochongwa juu ya nguzo na kuchorwa mikononi mwa wafalme, kwa kweli ni mayungiyungi: moja jeupe linalofunguka usiku, na moja la buluu linalofunguka mchana. Petali za buluu zilikutwa hata juu ya maiti ya Farao Ramses wa Pili. Lotasi yenyewe ilifika Misri baadaye, ikitokea Asia. Herodotus, Mgiriki aliyeandika habari za Misri katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliyajua yote mawili. Alieleza kwamba Wamisri walisaga mbegu za yungiyungi na kuoka mkate, na kwamba kulikuwa na ua jingine la mtoni lenye tunda linalofanana na kiota cha nyigu. Mwenye kuliona tunda la lotasi atakiri kwamba mzee huyo alikuwa na macho.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba lotasi ni ua la Afrika, mwambie taratibu kwamba la Afrika ni yungiyungi. Lotasi ni mgeni kutoka Asia, mgeni mwenye heshima kubwa huko kwao, kwa Wahindu na kwa Wabuddha, na nchi ya India imelifanya ua lake la taifa.

JINA LA ZANZIBAR LILIVYOKWENDA ULAYA

Katika miaka ya 1870 Mjerumani mmoja, Johann Maria Hildebrandt, alisafiri katika pwani yetu akikusanya mimea. Miongoni mwa alivyopeleka kwao lilikuwemo yungiyungi la buluu kutoka Zanzibar. Mtaalamu wa mayungiyungi wa mji wa Königsberg, Robert Caspary, alilichunguza na mwaka 1877 akalitangaza kwa jina la Nymphaea zanzibariensis. Wataalamu wa baadaye wameliweka chini ya kundi pana zaidi, Nymphaea nouchali, ambalo limeenea Afrika na Asia. Lakini jina la Zanzibar lilikuwa limekwisha kusafiri. Wenye bustani wa Ulaya na Marekani walilipenda kwa ubuluu wake mzito, wakalizalisha pamoja na jamii nyingine, na mengi ya mayungiyungi ya buluu na zambarau yanayouzwa leo kwa ajili ya madimbwi ya bustani yana damu yake.

Halikuwa peke yake katika safari hiyo. Mwaka 1893 ulitangazwa ule mmea mdogo wa maua ya zambarau wa Usambara, ulioitwa Saintpaulia kwa jina la ofisa wa Kijerumani aliyeupeleka kwao, na ukaishia madirishani mwa mamilioni ya nyumba za Ulaya na Marekani. Uluguru nasi hatukuachwa: Walter Goetze alikusanya mimea katika milima yetu mwaka 1898, na mwaka 1900 jamaa mmoja wa mmea huo wa Usambara aliyetoka Uluguru alipewa jina lake.

Siandiki haya ili tulalamike. Mmea haupungui kwa kupendwa na wengine. Linalonisikitisha ni kwamba wale waliolipokea ua letu walijifunza kulitunza, wakaandika vitabu juu ya udongo wake, kina cha maji yake na chakula chake, ilhali sisi tulioishi nalo tumeendelea kuliita gugu la mtaroni. Mwanafunzi wa Morogoro anaweza kukuchorea ua la waridi, lakini yungiyungi hajapata kulishika.

MLIMA, MAJI NA AMRI

Hapa ndipo historia ya ua inapokutana na historia ya mji wetu. Juu mlimani hulioni yungiyungi. Maji ya huko yanakimbia, na yungiyungi halipendi maji yanayokimbia. Hulikuta bondeni, maji yakishapumzika: katika mabwawa, madimbwi na mitaro ya mashamba ya mpunga, kuelekea Ngerengere. Lina haja ya maji yaliyotulia na yenye mwanga, kwani majani machanga huanzia chini ya maji, na maji yakijaa tope jekundu jua haliyafikii. Kwa hiyo ua hili ni shahidi. Linakaa mwisho wa safari ya maji, na hali yake inaeleza yaliyotendwa huko juu.

Mji huu tangu mwanzo umeishi kwa maji ya mlima na kuyaogopa pia. Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliukuta hapa mji wenye ukuta wa mawe aliouandika kwa jina la Simbamwenni, ulioanzishwa na Kisabengo. Alipokuwa akirudi pwani mwaka 1872, mafuriko yalikuwa yamebomoa sehemu ya ukuta huo na kusomba nyumba. Ulikuwa mwaka ule ule ambao kimbunga cha mwezi wa Aprili kiliing'oa mikarafuu ya Zanzibar.

Wajerumani waliitenga misitu ya Uluguru kuwa hifadhi mwaka 1909. Waingereza wakaja na mpango wa matumizi ya ardhi: kila mkulima achimbe matuta ya ngazi katika shamba lake, apende asipende, na asiyechimba atozwe faini. Kusudi lilikuwa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, na kusudi hilo nani atalilaumu? Lakini katika miteremko ile mikali, kuchimba ngazi kulifukia udongo mzuri na kuleta juu udongo usio na rutuba. Mahindi yakanyong'onyea. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia akina mama. Mwezi wa Julai 1955 watu wa Matombo walikataa kwa nguvu, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango ukaachwa.

Baba yangu alikuwa mtoto wa miaka 10 wakati huo. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kumwuliza kwa nini Waluguru waliyakataa matuta wakati udongo ulikuwa wao. Akanijibu, "Mwanangu, tuliyakataa matuta. Milima hatukuikataa." Nimesoma vitabu kadhaa juu ya mwaka ule, na sijakuta maelezo mafupi yanayotosha kama hayo.

Udongo uliendelea kushuka. Mwezi wa Februari 1970 mvua moja kubwa huko Mgeta ilisababisha mamia ya maporomoko ya ardhi kwa muda wa saa chache tu. Watafiti waliofika baadaye waliona kwamba karibu yote yalitokea mashambani na kwenye nyasi, na machache sana penye msitu. Katika miaka ya 1980 lilijengwa Bwawa la Mindu katika Mto Ngerengere ili kuupatia mji maji, na tangu wakati huo bwawa hilo limekuwa likipokea tope la mlimani na kupungua uwezo wake. Mwaka 2008 misitu ya Uluguru ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Mto Ruvu, unaopokea maji ya milima hii, ndio unaowanywesha pia watu wa Dar es Salaam. Wakituita mji kasoro bahari, tuwakumbushe kwamba wao wana bahari lakini maji ya kunywa ni ya kwetu.

Somo ninaloliona katika historia hii ni moja. Utunzaji ulioletwa kwa amri uliwafanya watu wauchukie hata ule uliokuwa na faida kwao. Maji hutunzwa na mtu aliyewahi kuyaangalia kwa karibu, siku baada ya siku, akajua yanachafukaje na yanasafikaje. Na kwa kijana wa mjini, asiye na shamba wala kijito, sijaona shule rahisi ya kuyaangalia maji kuliko beseni lenye yungiyungi.

YUNGIYUNGI KATIKA BESENI

Nilipoanza, baba hakufurahi. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, maji ya bomba yalikuja kwa mgawo, na mimi nilikuwa nikijaza beseni kwa ajili ya ua. "Hayo yangepika chakula cha siku mbili," alisema. Ilikuwa hoja ya haki, na kila atakayefuga mmea wa majini katika mji wenye mgawo lazima awe na jibu lake. Jibu langu lilikuwa mfereji wa bati. Beseni halimwagwi wala kubadilishwa maji. Hujazwa mara moja, kisha huongezewa kinachopotea kwa jua. Maji ya mvua kutoka paani yanatosha, na kiangazi maji yaliyooshea mboga yanafaa, maadamu hayana sabuni wala chumvi. Tangu hapo sijatumia ndoo ya jikoni.

Sasa nieleze kazi yenyewe.

Chombo kiwe kipana kuliko kilivyo kirefu. Beseni la kufulia lenye upana wa sentimita 60 linatosha yungiyungi moja. Pipa lililokatwa linafaa pia, ila lililowahi kubeba dawa za shamba au mafuta liachwe kabisa. Mahali pawe na jua la saa 6 kwa siku au zaidi. Kivulini mmea utatoa majani na kukunyima maua.

Udongo uwe mzito, wa mfinyanzi, ule wa bondeni unaofinyangika mkononi. Usitumie mboji wala samadi mbichi: huelea, huoza, na maji hugeuka kijani yakinuka. Weka udongo kwa kina cha sentimita 15 hadi 20. Panda kiazi cha yungiyungi huku jicho la kuchipua likibaki wazi juu ya udongo, maana likizikwa huoza. Funika kingo kwa mchanga na kokoto kidogo ili udongo usitibuke, kisha mimina maji polepole juu ya jani la mgomba au kipande cha gunia. Mwanzoni maji yazidi udongo kwa sentimita 10 au 15 tu. Majani yakiongezeka, ongeza maji mpaka sentimita 30.

Kila mwezi, mmea ukiwa katika nguvu zake, chukua kijiko kidogo cha mbolea ya NPK, kifunge ndani ya bonge la mfinyanzi, ulididimize udongoni mbali kidogo na shina. Mbolea ikimwagwa ndani ya maji hulisha ukungu wa kijani badala ya ua. Ondoa majani yaliyogeuka manjano kabla hayajaoza. Majani yakifunika theluthi mbili za uso wa maji, hali ni nzuri. Yakibanana na kuinuka, gawa mmea.

Ua la buluu hufunguka asubuhi jua likishapanda na kujifunga alasiri, kwa muda wa siku 3 au 4. Siku ya kwanza angalia katikati yake: utaona kidimbwi kidogo cha maji maji. Siku hiyo ua ni la kike. Mdudu aliyetoka ua jingine akiwa na chavua huteleza humo, chavua ikaoshwa mwilini mwake na kulirutubisha ua; wengine hufia humo humo. Siku zinazofuata kidimbwi hukauka, na ua huwa la kiume, likitoa chavua yake. Nimekwisha kuwaonyesha watoto wengi wa jirani jambo hili, na hakuna aliyeondoka bila kuuliza swali.

LOTASI, MGENI MWENYE MASHARTI

Mbegu zangu za lotasi niliziagiza kwa kibali, zikakaguliwa kama sheria ya afya ya mimea ya mwaka 2020 inavyotaka. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa wengi hutia mbegu mfukoni wakitoka safari, wakidhani sheria ni usumbufu tu. Nitaeleza baadaye kwa nini sivyo.

Mbegu ya lotasi ni ngumu kama kokoto, na ugumu huo ndio siri ya maisha yake marefu. Mwaka 1951 Profesa Ohga wa Japani alizipata mbegu ndani ya tope la kale huko Chiba, zinazokadiriwa kuwa na umri wa miaka 2,000. Moja ikaota na kutoa ua mwaka uliofuata. Mwaka 1995 watafiti walieleza habari za mbegu ya miaka 1,300 hivi, kutoka katika ziwa lililokauka huko China, nayo iliota. Mbegu ya namna hiyo haitakuotea kwa kutupwa majini. Isugue upande mmoja kwa msasa au tupa mpaka uone weupe wa ndani, kisha iweke katika glasi ya maji ya vuguvugu, ukiyabadili kila siku. Kwa joto la Morogoro chipukizi huonekana ndani ya juma moja.

Beseni la lotasi liwe la duara, kwa sababu shina lake hutambaa chini ya tope likizunguka, na likikuta kona hukwama na kujipinda. Maji yazidi udongo kwa sentimita 10 tu. Majani ya kwanza huelea. Usitie mbolea mpaka yatokee yale yanayosimama. Usikate kikonyo chini ya usawa wa maji, kwa kuwa vikonyo ni mirija inayopeleka hewa hadi topeni, na maji yakiingia humo shina huoza. Ukigawa mmea shika shina kama yai, kwani ncha yake ikivunjika limekwisha. Na uwe na subira: langu lilitoa ua la kwanza mwaka wa pili.

Lilipotoa, nilithibitisha jambo nililokuwa nimelisoma. Mwaka 1996 watafiti wa Australia walieleza kwamba ua la lotasi hujipasha joto lenyewe, likibaki kati ya nyuzi 30 na 35 hata hewa ya nje ikishuka hadi nyuzi 10. Asubuhi moja ya Julai, baridi ya mlimani ikiwa bado imetanda, nilitia kidole ndani ya ua lililoanza kufunguka. Lilikuwa na uvuguvugu kama kiganja cha mtoto.

HATARI TATU

Ya kwanza ni mbu. Beseni lisilo na samaki ni shamba la viluwiluwi, na jirani yako ana haki ya kukushitaki. Weka samaki wadogo wawili au watatu, hao watawamaliza. Perege, mnaowajua kutoka mabwawa ya Kingolwira, akiwa mkubwa hafai: huchimba udongo kutafuta pa kutagia na kung'oa mimea.

Ya pili ni kichocho. Konokono wanaobeba ugonjwa huu hujibandika chini ya majani ya mimea ya majini. Usiingie bwawani miguu mitupu kutafuta yungiyungi. Mmea uliotoka bwawani uoshwe, ukaguliwe jani kwa jani, konokono na mayai yao waondolewe, na uwekwe peke yake kwa majuma kadhaa kabla ya kuunganishwa na mingine.

Ya tatu ndiyo inayonifanya niwe mkali juu ya vibali. Gugumaji linalosumbua Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ni mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu una ua zuri. Watu waliupenda kwanza katika madimbwi ya bustani, kisha ukatoka. Mitego ya wavuvi, mitambo ya maji na bandari zote zililipa gharama ya uzuri huo. Lotasi nayo, ikiachiwa bwawani, huweza kutawala. Basi lotasi ibaki ndani ya beseni. Isitupwe mtaroni, isipelekwe kijitoni, na ole wake atakayeitia Mindu.

PENDEKEZO

Nawaomba wanachama wenzangu tukubaliane katika mkutano wetu jambo moja dogo. Tuwajengee wanafunzi dimbwi la mayungiyungi katika uwanja wa shule, linalojazwa na maji ya paa la bwalo, lenye samaki wadogo na uzio wa kuwalinda watoto wa wafanyakazi. Walimu wa biolojia watapata ua la kupasua darasani lililo la hapa hapa. Walimu wa jiografia watapima mvua na maji yanayopotea kwa jua. Wa historia atasimulia habari za Caspary na za Matombo. Ila dimbwi hilo lisiwe adhabu. Mwanafunzi aliyechelewa namba asipelekwe kung'oa majani ya yungiyungi, maana tukifanya hivyo tutakuwa tumerudia yale ya 1955 kwa udogo wake. Waachiwe wanaopenda, nao watawavuta wengine.

Nasema hivi kwa ushahidi wa nyumbani. Yule mzee aliyehesabu chakula cha siku mbili sasa ana miaka zaidi ya 80, na mimi kazi hunichukua majuma mazima. Hakuna aliyemwomba, lakini yeye ndiye anayepima maji kwa kijiti kila asubuhi, na mvua ikinyesha ndiye anayeamka kuuelekeza mfereji. Mwaka jana bati lilipoziba kwa majani aliniita kwa simu nikiwa safarini kunieleza kwamba maji ya lotasi yamepungua vidole viwili.

Siku ya mkutano nitaleta vichipukizi vya yungiyungi la buluu, vilivyooshwa na kukaguliwa. Lotasi nitaiacha Kilakala. Atakayehitaji yungiyungi aje na ndoo yenye mfuniko, na kabla ya kuja awe amekwisha kuangalia paa la nyumba yake linamwaga maji wapi.